Saruji ya Ellis Crabtree

Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1987. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, ile mvua nyembamba ya mji wa Hagshaw isiyo na kishindo, inayoteremka kutoka vilimani na kukaa bondeni siku nzima. Saa moja asubuhi taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka, na ukuta wa kiwanda upande wa mtoni ulikuwa umelowa mpaka ukawa mweusi.

Ellis Crabtree aliutazama ukuta huo kupitia dirisha la jikoni huku akifunga tai. Alikuwa na miaka sabini na moja, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunzaji wa jengo la kiwanda hicho cha kufuma pamba. Mitambo ilikuwa imeuzwa, wafumaji wametawanyika, wenye mali wamebadilika mara tatu. Yeye na mkewe Edna walibaki katika nyumba ndogo ya langoni, bila kulipa kodi, kwa ajili ya kazi ya kulitunza jengo.

"Tai imepinda," Edna alisema.

Alisema kwa sauti iliyojaa jikoni na kusikika mpaka nje. Miaka ishirini na sita katikati ya mitambo ya kufumia ilikuwa imeyala masikio yake, na hakujua tena ukubwa wa sauti yake mwenyewe. Mbele ya watu alikaa kimya kwa sababu hiyo. Kwa wenzake wa kiwandani hakuhitaji sauti: wafumaji walizoea kusemezana kwa midomo tu, maana katika kishindo kile hakuna aliyesikia neno. Ellis alijifunza lugha hiyo ya midomo mwaka ule alipokuwa akimposa.

"Wewe ndiye uliyeipinda," alimjibu kwa midomo.

Edna alicheka, akamnyoosha tai. Kisha akashika nyonga yake na kukaa taratibu. Nyumba ya langoni ilikuwa na unyevu, na kila Novemba unyevu ule ulimwingia mifupani.

Siku hiyo lilianza baraza la uchunguzi. Kampuni iliyokinunua kiwanda ilitaka kukibomoa na kujenga supamaketi. Lakini kiwanda kilijengwa mwaka 1868, enzi za Malkia Victoria, na kilikuwa katika orodha ya majengo ambayo hayaguswi bila kibali cha serikali. Kwa hiyo serikali ilimleta mkaguzi asikilize pande zote mbili. Ellis alikuwa ameitwa kuwa shahidi, na walioomba aitwe ni kampuni yenyewe. Hilo halikumshangaza. Mwezi wa Agosti wakala wao, Bwana Pilling, alikuja na keki ya dukani akasema, "Mzee Crabtree, hakuna mtu duniani anayelijua jengo hili kama wewe. Tuazime daftari lako."

Ellis alimpa daftari. Lilikuwa na kila siku ya kazi aliyofanya ukutani tangu mwaka 1956.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa shule ya Jumapili, nyuma ya kanisa la Kimethodisti ambako Ellis na Edna walisali. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, aliyeandika kila kitu kwa mkono wake. Asubuhi nzima walisomeana barua. Saa tano walipumzika, akina mama wa kanisa wakamimina chai, na ukumbi ukajaa kelele za vikombe na viti.

Edna aliketi nyuma, mikono mapajani. Ng'ambo ya ukumbi, karibu na piano, Bwana Pilling alikuwa akizungumza na wakili wa kampuni. Edna hakuwa amekusudia kusikiliza. Macho yake tu yalizoea kufuata midomo, kama macho ya mtu mwingine yanavyosoma bango lililo mbele yake.

"Mzee ametumalizia kazi," midomo ya Pilling ilisema. "Ukuta umeuawa na saruji yake mwenyewe, na daftari linasema siku na saa. Hatuhitaji mtaalamu. Mwache asome tu."

Wakili aliuliza jambo, mgongo wake ukiwa umegeuzwa.

"Hapana," Pilling alisema. "Hajui. Anadhani tunamsifu."

Ellis alirudi na vikombe viwili na kipande cha keki ya tangawizi. Alikuwa na furaha. Mkaguzi alikuwa amemwamkia kwa jina.

"Una nini?" alimuuliza Edna.

Edna aliitazama ile keki. "Nyonga tu," alisema kwa midomo.

Alikaa na maneno yale mpaka saa nane mchana, walipokuwa wakivuka daraja kurudi nyumbani, ndipo akasimama na kumwambia yote. Ellis hakukasirika. Alisema Edna amesoma vibaya. Pilling ana masharubu.

"Nimesoma midomo yenye masharubu kabla hujaota ya kwako," Edna alisema, na watu wawili upande wa pili wa mto wakageuka.

*

Ofisa wa majengo ya kale wa halmashauri alikuwa binti wa miaka ishirini na saba aitwaye Rowena Thwaite, mwenye buti za matope na gari bovu. Yeye ndiye aliyekuwa akikitetea kiwanda. Alasiri hiyo hiyo Ellis alimkuta kwenye ukuta wa mtoni, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine.

"Niambie ukweli, mwanangu," Ellis alisema. "Saruji yangu ina kosa gani?"

Rowena alifunga daftari lake. Alijaribu kuanza na maneno laini, kwamba zamani wote walifanya hivyo, kwamba hata vitabu vya serikali viliagiza hivyo.

"Sikuuliza vitabu."

Basi akachukua tindo mfukoni. Alichagua jiwe moja usawa wa kifua, akaligusa kwa ncha, bila kupiga. Uso wa jiwe ulimeguka na kuanguka kama ukoko wa mkate, na nyuma yake mlikuwa na mchanga mbichi wa manjano. Lakini mstari wa saruji kulizunguka jiwe hilo ulikuwa mzima, mgumu, umetokeza nje kama fremu isiyo na picha.

"Jiwe hili ni la mchanga," Rowena alisema. "Linakunywa mvua. Chokaa ya zamani ilikuwa laini, maji yalitokea kwenye viungo, ukuta ukakauka. Saruji haipitishi. Maji yanabaki ndani ya jiwe. Jalidi ikija yanaganda, yanavimba, uso wa jiwe unabanduka."

Ellis aliweka kidole kwenye ule mchanga. "Ile chokaa niliikwangua yote," alisema. "Ilikuwa laini kama jibini. Nilimwambia Edna, hawa wazee walijenga kwa jibini. Nilicheka."

"Mzee Crabtree, meneja ndiye aliyekupa saruji."

"Meneja alinipa viroba kumi. Cha kumi na moja na kuendelea niliomba mwenyewe."

Maji yalitiririka kwenye mfereji wa paa alioukarabati mwezi uliopita. Ellis aliuliza kama ukuta ndio umekufa hivyo.

"Bado," Rowena alisema. "Mawe mabaya ni moja kati ya matano. Saruji ikitolewa yote na chokaa ikarudi, utakauka, utasimama. Lakini ni kazi ya mkono. Mashine itavunja kingo za mawe. Na chokaa haishiki wakati wa jalidi. Ni Aprili mpaka Septemba, na siku kavu tu." Alirudisha tindo mfukoni. "Halmashauri haina fedha za waashi. Na kampuni haitatoa."

"Kwa siku mtu mmoja anatoa kiasi gani?"

"Mzoefu? Yadi moja ya mraba. Labda na nusu."

Ellis aliinua macho. Hakuhitaji kuupima ukuta ule. Daftari lake lilisema yadi elfu moja na mia moja.

*

Jumanne asubuhi Ellis alikwenda kwa mchinjaji kununua pai mbili za nyama na viazi. Foleni ilifika mlangoni, na habari ya saruji ilikuwa imefika kabla yake. Arnold Kershaw, aliyekuwa fundi wa boila zamani zile, alimwona akiingia.

"Jamani, shikeni kuta!" Arnold alisema. "Ellis amekuja na mwiko wake!"

Watu walicheka.

"Nimesikia kampuni inataka kukupa nishani," Arnold aliendelea. "Wajerumani walilikosa lile jengo kwa mabomu, wewe umelipata kwa ndoo."

"Inatosha, Arnold," mchinjaji alisema, naye akitabasamu.

Ellis alipokea pai zake, akasema asante kwa kila mtu, akatoka. Nje aligundua kwamba amesahau chenji, akaona ni afadhali ibaki huko.

Nyumbani alimkuta Pilling ameketi kwenye kiti cha Ellis, kofia gotini. Edna alikuwa amesimama karibu na jiko.

"Nimekuja kwa heri, mzee," Pilling alisema. "Jengo likienda, nyumba hii nayo inakwenda, mnalijua hilo. Mimi si mtu wa kuwatupa wazee. Kuna nyumba mpya Moss Lane, ya chini, haina ngazi hata moja. Mabomba ya joto chumba kwa chumba. Ni yenu mpaka mwisho wa maisha yenu, na nitaliweka kwa maandishi. Kesho wewe soma daftari lako tu, kisha useme unavyoona mwenyewe, kwamba ukuta umefika mwisho. Si uongo. Umeuona."

"Nimeuona," Ellis alisema.

"Basi."

Pilling alipoondoka aliacha ufunguo mezani, kwa ajili ya kwenda kuitazama tu, alisema. Wale wawili walikula pai bila kuugusa.

"Nyonga yangu imechoka, Ellis," Edna alisema hatimaye, kwa midomo, ingawa walikuwa peke yao. "Nimechoka na ngazi. Nimechoka kukausha mashuka mbele ya jiko."

"Najua."

"Sijawahi kuomba kitu."

"Najua, Edna."

"Basi usinifanye niombe."

Baadaye Ellis alipiga magoti kando ya kiti, kama alivyofanya kila siku, na Edna aliona midomo yake ikisogea. Kwa kawaida aligeuza uso, kwa sababu aliona si haki kusoma maombi ya mtu. Mara hii hakugeuza.

Ellis hakuwa anaombea nyumba, wala jengo. Alikuwa akisema jambo lile lile tena na tena. "Nilidhani nakutumikia. Nilidhani nakutumikia."

*

Jumatano ukumbi ulijaa. Waliokuja wengi walikuwa wafumaji wa zamani, wanawake wa miaka sitini na sabini waliovaa makoti yao ya kanisani, na waliketi safu moja na Edna kama walivyokuwa wakisimama zamani mitamboni. Arnold Kershaw alikuwa dirishani.

Ellis aliapa kwa Biblia. Wakili wa kampuni alimkabidhi daftari kwa adabu nyingi, kisha akalichukua tena.

"Pengine nikusaidie kusoma, mwandiko ni mdogo. Tarehe 14 Juni 1961. 'Ukuta wa mtoni, ghorofa ya pili. Saruji kiroba kimoja, mchanga viroba vitatu. Nimeifanya ngumu hasa. Asante Bwana kwa siku kavu.'" Aligeuza kurasa. "Tarehe 4 Mei 1970. 'Ghorofa ya tatu. Chokaa mbovu ya wazee imekwisha yote. Sasa utasimama miaka mia. Bwana asifiwe.'"

Mtu fulani nyuma aliachia kicheko. Kikasambaa kidogo, kisha kikafa.

"Ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Na umeuona ukuta huo juzi, pamoja na Bi Thwaite?"

"Nimeuona."

"Mawe yanabanduka?"

"Yanabanduka."

"Kwa sababu gani, Bwana Crabtree?"

Ellis alishika ukingo wa meza. "Kwa sababu yangu," alisema.

Mkaguzi aliacha kuandika, akamtazama, kisha akaandika.

Wakili alimgeukia mkaguzi. Alisema hakuna anayemlaumu mzee huyu, aliyefanya kazi kwa moyo wake wote. Lakini jengo lisiloweza kuokolewa halina maana ya kulindwa. Bi Thwaite amesema saruji inaweza kutolewa kwa mkono. Vizuri. Nani ataitoa? Halmashauri imekiri haina fedha. Kampuni haina sababu.

"Naomba nitajiwe jina," wakili alisema. "Mwashi mmoja tu. Jina moja, na nitakaa chini."

Rowena Thwaite aliinamisha kichwa. Mvua ilisikika kwenye madirisha ya vioo vya rangi. Mkaguzi alisubiri kwa heshima, kalamu juu ya karatasi, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba ameshajua jibu.

Ellis bado alikuwa amesimama mbele ya meza. Hakumtazama wakili. Aliangalia juu ya vichwa vyote, kwenye safu ya mwisho, akamtafuta Edna. Kisha akasogeza midomo, bila sauti.

Watu wa mbele walidhani mzee amepatwa na kitu. Pilling alimnong'oneza wakili. Lakini katika safu ile ya mwisho wanawake kumi na wawili waliyasoma maneno kama walivyoyasoma maisha yao yote, na wote kwa pamoja wakageuka kumtazama Edna Crabtree.

"Nitakunyima ile nyumba," Ellis alikuwa amesema. "Unaniruhusu?"

Mkono wa Edna ulikuwa kwenye mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na ule ufunguo. Asubuhi hiyo, kabla ya mumewe kuamka, alikuwa amekwenda Moss Lane peke yake. Alikuwa ametembea chumba kwa chumba. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya bomba la joto na kukiacha hapo muda mrefu, mpaka akaona haya.

Akasogeza midomo. Neno moja fupi. Mwanamke aliyeketi kando yake alijifuta macho kwa glavu.

"Ellis Crabtree," Ellis alisema kwa sauti, akimgeukia mkaguzi. "Ndilo jina lililoombwa. Andika hilo."

Wakili alitabasamu kwa upole wa kweli. "Bwana Crabtree, una miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Na ni yadi ngapi za mraba?"

"Elfu moja na mia moja. Natoa moja kwa siku. Hapa kwetu siku kavu zisizo na jalidi ni mia kwa mwaka, Mungu akipenda." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Najua hesabu, bwana. Nimeifanya. Lakini najua kila jiwe la ukuta ule, na kila mahali nilipoharibu nimepaandika. Mwanzo hadi mwisho. Hakuna mwashi mwingine utakayempata mwenye ramani hiyo."

Hakuna aliyecheka. Arnold Kershaw dirishani alikuwa amevua kofia, bila kujua, kama mtu anavyovua jeneza linapopita.

"Serikali haiwezi kutegemea," wakili alianza, kisha akaacha. Mkaguzi alikuwa ameinua mkono.

"Bwana Crabtree," mkaguzi alisema, "lazima nikueleze. Sijui kama jambo hili litabadilisha uamuzi. Inawezekana ukaniahidi, na jengo likabomolewa vilevile mwakani, na nyumba yako pamoja nalo. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Bado unataka niandike?"

"Andika kwamba nitaitoa saruji yangu ukutani, kiungo kwa kiungo, kwa mkono wangu, nikianza Aprili. Naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Wakija kubomoa watanikuta nikitoa."

Mkaguzi aliandika. Ilimchukua muda, na ukumbi wote ulisikia kalamu. Alipomaliza alikunja uso, kwa sababu nyuma kabisa mtu alikuwa amesimama, mwanamke mfupi, mkono mmoja kwenye nyonga na mwingine kwenye kiti cha mbele yake. Alipita kati ya magoti ya watu, akatembea taratibu mpaka mezani, akatoa ufunguo mkobani na kuuweka mbele ya Bwana Pilling. Kisha alifungua mdomo, na sauti yake ilitoka kubwa mno, kama ilivyokuwa siku zote, ikagonga kuta za ukumbi, na safari hii hakuona haya.

"Edna Crabtree. Liandike chini ya lake. Hajawahi kuchanganya chokaa huyu, ataiharibu. Nitamchanganyia mimi, ndoo kwa ndoo, mpaka mmoja wetu ashindwe kusimama. Naahidi."